Nimeenda ukweni kuonja konyaki nikaishia kuinusa

Jamani kuoa mbali kuna mambo. Baba mkwe wangu ni mzee wa Charente huko Ufaransa, pembeni kabisa ya mji wenyewe wa Cognac, wikiendi iliyopita kanipigia simu njoo tuonje konyaki, ile pombe kali ya zabibu ya kwao. Sasa kwetu Muheza ukionekana umeshika glasi mbele ya mkwe mashangazi watakukalia kikao, ila huku nikaambiwa kukataa ndo kukosa adabu. Basi, mila za watu nibishane nazo mimi nani, asubuhi nikashindilia wali sahani mbili nisije nikazidiwa ukweni. Maandalizi ya bure yale.

Kwanza kanipeleka kwenye mtambo. Dude la shaba, mrija umejikunja, moto chini, mvuke unapita kwenye maji unapoa unadondoka tone tone. Nikajisemea moyoni mbona hii gongo? Kitu kilekile ambacho kwetu askari wakitokea watu wanaruka ukuta, huku kina cheti! Tofauti wao wanaichemsha mara mbili na ikifika tarehe 31 Machi moto lazima uwe umezimwa, ndo sheria. Kanionjesha na mvinyo wenyewe wa kuchemshia, wa zabibu za Ugni Blanc, mkali kama ndimu, nimekunja uso mzee anafurahi, ati ndo unavyotakiwa uwe, na lita kama 9 za ule zinakupa lita 1.

Tukaenda ghalani. Kuta za nje nyeusi tii nikadhani paliungua nikataka kutoa pole, kumbe ni kuvu inayoishi kwa mvuke wa pombe. Hata kuvu inakunywa! Halafu ananiambia kila mwaka kama asilimia 2 inapotelea hewani kwenye mapipa, wanaita fungu la malaika. Nikapiga hesabu kimyakimya, pipa la lita 350 hilo hapo ni lita 7 kwa mwaka, pipa moja tu, na mle ndani yamejaa mpaka gizani huko sioni mwisho. Mimi kanimiminia kipimo cha dawa ya kikohozi ya mtoto.

Ilikuwa XO, daraja la konyaki iliyokaa sana. Chupani wanachanganya za umri tofauti, na ile changa kuliko zote lazima iwe na miaka 10 kwenye pipa la mwaloni, madaraja ya chini yake VSOP ni 4, VS 2. Zamani XO ilikuwa 6 wakaipandisha mwaka 2018, nikamtania mzee kwamba hata pombe mmeisogezea umri wa kustaafu. Hakucheka. Kumbe suala la kustaafu huku hawataniwi nalo, 2023 wameongezewa miaka miwili tu wakajaa barabarani, konyaki imeongezewa minne na imetulia zake kwenye pipa.

Nikapeleka glasi mdomoni, kanishika mkono. Nusa kwanza, usiitikise. Haya sasa izungushe, nusa tena. Na glasi zenyewe nyembamba zimebana juu, sio yale mabakuli ya kwenye sinema, anasema yale yanakurushia spiriti puani. Dakika ishirini nanusa kama mbwa wa uwanja wa ndege. Unapata nini? Yeye anapata tini kavu, ganda la chungwa, ngozi, uyoga. Mimi napata kiu, ila utamwambiaje mkwe una kiu, nikabahatisha, kabati la bibi yangu lile la kuwekea khanga. Mzee kanikumbatia! Ati hiyo ndo ransio, harufu ya konyaki iliyozeeka haswa, wengine wanaitafuta miaka hawaipati. Nikajua hapa naongezewa. Akafungua daftari akaandika.

Mwisho nikaruhusiwa kunywa. Siwezi kusema uongo, inateleza haikwaruzi, na ladha iligoma kuondoka mpaka tunamaliza chakula cha usiku, ila imeisha kabla hatujajuana vizuri.

Mzee kaenda kulala, mimi kama mkwe niliyelelewa nikakusanya glasi zote nikaosha na sabuni nikafuta zikang'aa, nikasema hapa nimepata maksi. Asubuhi nasikia kelele jikoni. Kumbe glasi iliyonywewa konyaki ya zamani inaachwa ilale hivyohivyo tupu, asubuhi ndo inanuswa mara ya mwisho, na mzee wa watu kaamka saa kumi na mbili na pajama zake kwa shughuli hiyo tu. Anakuta inanukia limao la sabuni ya vyombo.

Mke wangu ananinong'oneza nikamuombe radhi baba. Nikamuombe radhi kwa kuosha vyombo?