Mabango ya ukombozi yakae wapi, na nani ayachague?

Wapo wanaotaka mabango ya harakati za kimaendeleo yakusanywe na kutunzwa, na wapo wanaopinga. Nianze na Kongwa. Kambi ya wapigania uhuru ya Kongwa ilianza mwaka 1964, jirani na mabaki ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanguka vibaya. Kwa nyakati tofauti ilipokea wapiganaji wa FRELIMO (Msumbiji), ANC (Afrika Kusini), SWAPO (Namibia), ZAPU (Zimbabwe) na MPLA (Angola). Anayetaka kuona makaburi na majengo anakwenda tu, ni chini ya kilomita mia kutoka Dodoma mjini. Karatasi ni habari nyingine, maana karatasi hufuata wenyewe. Chuo cha ANC cha Solomon Mahlangu kule Mazimbu, Morogoro, kilipokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, majengo yalibaki hapa, lakini kumbukumbu za ANC leo zinasomwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini. Ni haki yao. Ila kijana wa Kongwa anayetaka kujua ukombozi ulijitangazaje ukutani, kwa rangi na maneno gani, atajikuta anatafuta nauli ya ndege.

Hoja ya kukusanya mabango inaanzia hapo, na ina nguvu. Bango huzaliwa life mapema: karatasi ya bei rahisi, gundi ya uji wa unga, jua, mvua, na mpinzani mwenye kucha. Linalobaki hubaki kwa bahati au kwa sababu kuna mtu aling'ang'ana. Mwaka 1985 makomando wa Afrika Kusini walivamia Gaborone, Botswana, usiku na kuua watu 12, akiwemo Thami Mnyele, msanii wa kundi la Medu lililokuwa likichapa mabango dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mabango ya Medu yaliokoka kwa sababu nakala zilishasambaa, na mwaka 2019 yalifanyiwa maonyesho katika jumba la Art Institute of Chicago. Wacuba nao walikuwa na ujanja wao: shirika la OSPAAAL, lililoanzishwa Havana mwaka 1966, lilikunja mabango ya mshikamano na Angola, Msumbiji au Vietnam ndani ya jarida lake la Tricontinental. Jarida likifika, bango limefika. Los Angeles, kituo alichokianzisha Carol Wells kimefikisha mabango zaidi ya 90,000 ya harakati za kimaendeleo.

Chicago, Los Angeles. Nashukuru yametunzwa, na bado nauliza kwa nini kila safari njia inaishia huko.

Wapo wanaopinga kwa kusema kazi ya bango ni ukutani. Ukilifungia kwenye droo umelinyang'anya hasira yake na kuligeuza pambo. Hoja hii hupendwa na wanaharakati, ila mimi hainishawishi. Hasira ya Soweto ya mwaka 1976 haitarudi hata bango likiachwa livunde mtaani.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ya uchaguzi: nani anaamua kwamba hili ni la harakati ya kimaendeleo na lile ni propaganda? Kwa Los Angeles jibu ni jepesi kidogo, kwa sababu huko wanaharakati na serikali kwa kawaida walisimama pande mbili. Kwetu walikuwa nyumba moja. Chama kilichowapa wapiganaji ardhi ya Kongwa ndicho kilichoendesha Operesheni Dodoma, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, kuanzia mwaka 1970, na mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Chukua bango lolote la wakati ule lenye jembe, jua linalochomoza na familia inayotabasamu. Kwa mgeni aliyekuja kujifunza ujamaa, hilo ni bango la ukombozi, tena zuri. Kwa mzee wa Kigogo aliyepakiwa kwenye lori na vyungu vyake, akaacha zizi na makaburi ya baba zake, ni tangazo la serikali iliyokuja kumhamisha. Wote wawili wanasema kweli. Mkusanyaji akimsikiliza mmoja tu ametunza karatasi na kupoteza nusu ya habari, na nusu hiyo haisomeki popote kwenye karatasi.

Kwa hiyo nakubaliana na wanaotaka kukusanya, ila neno "kimaendeleo" lisiwe bawabu wa mlangoni. Liingie bango la chama tawala, la upinzani tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, la wanawake wanaopinga ukatili, hata lile baya la mgombea udiwani aliyepigwa picha akiwa amekunja uso. La mwisho hili lina hatari yake, maana mabango ya siku hizi ni ya turubai, na kampeni zikiisha huishia kufunika nyanya sokoni.

Kuhusu mahali, Dodoma ina sifa. Mvua zake ni chache na huja kwa miezi michache, kwa hiyo ukungu hautusumbui kama unavyosumbua Pwani. Adui wetu ni jua, vumbi na mchwa: kabati la chuma, mbali na sakafu na ukuta, karatasi zilale bapa gizani. Na tafadhali, zisipelekwe steshenari kupigwa laminesheni! Tunaipenda mno, lakini plastiki ile ikishagandishwa kwa joto haitoki tena bila kuumiza karatasi. Picha za simu zisaidie kusambaza, zisichukue nafasi ya karatasi yenyewe, kwa sababu jina la mchapaji mara nyingi limejificha chini pembeni kwa herufi za sisimizi.

Mtunzaji ndiye kitendawili. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 imejengwa juu ya nyaraka za umma. Kipeperushi cha kikundi cha akina mama au bango la chama cha upinzani si jalada la wizara. Makao makuu ya CCM yako hapa hapa mjini, lakini chama kutunza mabango ya wapinzani wake ni kukiomba kitu ambacho chama chochote duniani kingekitenda shingo upande. Inabaki maktaba ya chuo kikuu, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kwa mfano, ambayo nayo ni ya umma na ina wakubwa wake. Mimi ningeipa kazi hiyo, kwa sharti la nakala mbili: moja chuoni, nyingine mikononi mwa waliolitoa bango, ili siku droo ya chuo ikipata ufunguo wa kisiasa, mtaani pawe na ushahidi.

Na kila bango liingie na maelezo ya mdomo: nani alilibandika, wapi, aliambiwa nini, nani alilichana. Kama aliyelibandika anaogopa kutajwa, jina lake libaki nje ya daftari na maneno yake yaandikwe. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa Operesheni Dodoma sasa amepita sabini, kwa hiyo kinasa sauti kitangulie Kongwa, Bahi na Chamwino, kabati linunuliwe baadaye.