Leza na sumaku: kasi haijawahi kuwa shida

Lubumbashi, kobalti ikitajwa, watu huwaza tani na malori ya barabara ya Likasi. Kwenye kuandika data kwa kugeuza sumaku ya utando wa metali kwa leza (ya mwanga, si yule Leza wa Wabemba na Wasanga) hesabu ni ndogo mno: utando wenye unene wa nanomita 20 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) juu ya sentimita moja ya mraba una uzito wa mikrogramu kama 16, na kobalti ni sehemu tu ya hizo. Anayengoja soko la madini hapa atangoja sana. Ubishi wenyewe uko kwingine: je, njia hii inaweza kushindana na memori na diski za leo?

Mwaka 1996, watafiti wa Strasbourg walipiga nikeli kwa mpigo wa leza wa femtosekunde 60, usumaku ukaporomoka kabla pikosekunde moja (femtosekunde elfu, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde) haijaisha. Mwaka 2007, wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, waliugeuza kabisa ndani ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya gadolini, chuma na kobalti, bila koili yoyote, ule waya wa kuzungushwa unaozalisha nguvu ya sumaku.

Siri ni kwamba sumaku ya chuma na ya gadolini katika aloi hiyo zinaelekea pande zilizo kinyume. Joto la mpigo huiangusha ile ya chuma ndani ya femtosekunde kama 300, ya gadolini ikichelewa hadi pikosekunde 1.5. Katika mwanya huo chuma huinuka upande wa gadolini, kisha gadolini nayo hulazimika kugeuka. Gadolini iwe karibu robo ya atomu zote. Ikipungua au kuzidi sana, utando unapoteza usumaku na haugeuki. Juu yake hufunikwa kwa tantali, mtoto wa koltani, ili hewa isiile gadolini. Nguvu nayo ina mipaka: milijuli chache kwa sentimita ya mraba. Ikizidi, katikati ya doa huvurugika madoadoa, na pete ya pembeni tu ndiyo iliyogeuka sawasawa.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Kwa milijuli 3 kwa sentimita ya mraba, biti (kijisehemu kinachohifadhi moja au sifuri) ya nanomita 50 kwa 50 ingekula femtojuli 75 hivi, na ingegeuka haraka kuliko memori za sumaku za leo, zinazohesabu nanosekunde, kila moja pikosekunde elfu.

Lakini mwanga wa nanomita 800 haubanwi kirahisi chini ya nanomita 400. Doa hilo lingefunika biti kama hizo zaidi ya hamsini kwa pamoja. Diski ngumu zinazopashwa joto kwa leza hutumia antena ndogo kubana mwanga, ila humo leza hulainisha tu. Anayeandika bado ni koili.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba mpigo haujui moja wala sifuri. Kila mpigo hugeuza kilichopo, kwa hiyo ni lazima usome kwanza, na kusoma kunameza muda wote uliookolewa. Tabaka za kobalti na platini, zilizoonyeshwa mwaka 2014, hufuata mzunguko wa mwanga, kulia au kushoto, lakini kwa kawaida hudai mipigo mingi.

Tena, ikiwa kazi yote ni ya joto, leza ya nini? Mwaka 2017, aloi ileile iligeuzwa kwa mipigo ya umeme ya pikosekunde 10 hivi iliyopita kwenye waya. Hata hapo, kila mpigo ulirudisha kilichogeuzwa na uliotangulia.