Kinachofundishwa Kwanza ni Kuanguka

Taja karate au judo na wengi watawaza ngumi na mateke. Ndiyo maana ukimshauri aliyefiwa au aliyefukuzwa kazi aende mazoezini, anakutazama kama unayemtania. Akampige nani? Mimi ushauri huo bado nautoa, ila si kwa zile sababu za kwenye mabango ya kumbi za mazoezi: ujasiri, ushindi, kujihami.

Chukua judo, aliyoianzisha Jigoro Kano jijini Tokyo mwaka 1882. Mgeni wa judo haanzi kwa kumwangusha mtu. Anaanza kwa kuanguka mwenyewe: chali, ubavu, kisha kwa kubiringika mbele. Kidevu akibane kifuani ili kisogo kisigonge chini, na mkono uupige mkeka mwili unapotua ili kishindo kisambae, kisiishie kwenye kiwiko au uti wa mgongo. Wenye mikanda myeusi nao wanayarudia hayohayo wakati wa kupasha mwili joto. Sijui mahali pengine ambapo watu wazima hukusanyika jioni kujizoeza kushindwa, tena kwa utaratibu. Shuleni tulifundishwa kufaulu tu; namna ya kufeli kila mtu alijitafutia.

Kisha kuna kukandamizwa. Mtu mzito amekulalia kifuani na huoni pa kutokea. Mwanafunzi mpya hubana pumzi, hutapatapa, na muda si mrefu nguvu zimemwishia. Aliyezoea anavuta pumzi kwanza. Anapenyeza kiwiko, anapata upenyo mdogo, anasogeza nyonga, anapata mwingine. Akikabwa shingo na njia ikawa haipo, anampigapiga mwenzake kwa kiganja, anaachiwa papo hapo, wanapeana mikono na kuanza upya. Kwa maoni yangu ustahimilivu hujengeka hapo hasa. Mwili unakutana na hofu tena na tena, na kila mara unaiona ikipita. Siku simu ikileta habari mbaya, moyo utadunda vilevile, ila angalau mtu anaujua mdundo huo na anakumbuka kupumua. Majonzi yenyewe hayapungui, na anayeahidi kwamba yatapungua anauza kitu.

Hofu hiyo lakini lazima iwe ya kipimo, na anayekukaba awe mtu wa kuachia. Wapo wanaoamini kwamba mwalimu akizidi ukali ndivyo wanafunzi wanavyozidi kukomaa. Ningependa wamsikilize Popole Misenga, mwanajudo wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alikuwa na miaka 9 alipokimbia vita Kisangani, akapotezana na familia yake, akaokolewa msituni baada ya siku kadhaa na kupelekwa Kinshasa. Huko, katika kituo cha watoto waliopoteza makazi, akaijua judo, na mwenyewe amesema ilimpa utulivu na nidhamu. Ila amesimulia pia kwamba akishindwa mashindano alifungiwa ndani ya kizimba kwa siku kadhaa, akipewa mkate na kahawa tu. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, akaomba hifadhi Brazil. Mwaka 2016 akarudi ulingoni katika jiji hilohilo, safari hii akiwa kwenye timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki. Alishinda pambano lake la kwanza, akatolewa na bingwa wa dunia, Gwak Dong-han wa Korea Kusini. Mchezo ni uleule uliomtuliza utotoni. Kizimba hakikuongeza chochote ndani yake, kilimfukuza tu.

Faida nyingine ni ya kawaida kabisa. Shida huvuruga siku: mtu analala mchana, anakesha usiku, hana anayemsubiri. Judo huwezi kujifunza peke yako, kwa hiyo usipofika kuna mwenzako amekosa wa kufanya naye mazoezi. Kwa asiyetaka kuguswa kwa sasa, kata za karate, yaani miondoko iliyopangwa ambayo mtu huifanya peke yake, zinafaa. Ana mfuatano wa hatua wa kushughulisha akili, na hakuna anayemsogelea. (Najua wapo wanaozicheka kata kwamba ni ngoma. Wajaribu kumaliza moja bila kukosea.)

Mazoezi hayalipi deni wala hayachukui nafasi ya daktari. Asiyeweza kutoka kitandani wiki nzima ahitaji kwanza mtu wa kumtibu.

Anayetafuta ukumbi asitishwe na vikombe vilivyopangwa kabatini. Akae pembeni kipindi kimoja, atazame mwenye mkanda mweusi anavyomshika mgeni: anamshusha taratibu au anamtupa ili wenzake wacheke? Na atazame zaidi kiganja kinapopigwa. Akiona mtu anaendelea kukaba baada ya hapo, huku mwalimu akiangalia tu, avae viatu vyake na kuondoka.