Gemu za kihistoria: kosa kubwa haliko kwenye mnara

Ndani ya Assassin's Creed Unity, gemu iliyotoka mwaka 2014, kuna mnara ambao haukupaswa kuwepo. Mchezaji anapelekwa Paris ya wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, na juu ya paa la kanisa kuu la Notre-Dame anakuta mnara mwembamba uliochongoka. Mnara wa kale ulikuwa umeanza kubomolewa mwaka 1786. Huu anaouparamia ulibuniwa na Eugène Viollet-le-Duc, ukasimamishwa mwaka 1859, miaka 70 baada ya Mapinduzi kuanza.

Wanaozikosoa gemu za kihistoria huanzia kwenye makosa ya namna hii. Mimi hayaninyimi usingizi. Aliyepanda kuta zile kwa mikono ya mhusika wake, akasimama juu na kuuona mji mzima chini, amepata hisia ya ukubwa wa jengo ambayo picha ya kitabuni haitoi. Ila washabiki nao hupitiliza. Kanisa lilipoungua Aprili 15, 2019, maneno yalienea kwamba litajengwa upya kwa michoro ya gemu hiyo. Ukweli ni kwamba kulikuwa na vipimo vya leza, vikiwemo vile vya mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon. Gemu ilichora jengo la kukimbilia na kurukia. Fundi mwashi anahitaji kitu kingine.

Kinachonihangaisha mimi ni kanuni za mchezo. Kitabu kinasimulia na filamu inaonyesha, lakini gemu inakuwekea mipaka: hili unaweza, lile huwezi, na ukifika hapa umeshinda. Humo ndimo fundisho lake la historia lilimojificha, na mchezaji hulimeza bila kujua kwamba amefundishwa.

Chukua Civilization VI, gemu ambayo mchezaji anaongoza taifa na kulikuza. Mwaka 2018 iliongezewa kiongozi wa Wakrii, watu wa asili wa Kanada, aitwaye Poundmaker. Watengenezaji walijitahidi: wakampa nguvu za kufanya ushirikiano na biashara badala ya vita. Hata hivyo, kiongozi mmoja wa jamii yenye jina la Poundmaker alilalamika hadharani kwamba gemu inaendeleza dhana kuwa watu wake walikuwa na hamu ileile ya kuteka na kutawala waliyokuwa nayo wakoloni. Ukiitazama gemu kwa karibu utamwelewa. Msafara wa biashara wa Wakrii ukipita kwenye ardhi isiyo na mwenyewe karibu na mji wao, ardhi hiyo inageuka kuwa yao papo hapo. Yaani hata biashara imefanywa njia ya kujitanua, kwa sababu gemu nzima imejengwa juu ya kujitanua. Poundmaker mwenyewe, kwenye mapigano ya Cut Knife mwezi Mei 1885, aliwazuia wapiganaji wake wasiwafuate askari wa serikali waliokuwa wakirudi nyuma. Katika gemu ya namna hii, uamuzi ule ungehesabika kuwa nafasi iliyopotezwa.

Lakini kanuni hizohizo ndizo nguvu ya gemu, na hapa siwezi kukubaliana na wanaotaka historia ibaki vitabuni tu. The Oregon Trail iliandikwa mwaka 1971 kwa ajili ya darasa la historia huko Minnesota, Marekani. Mtoto anaongoza familia ya walowezi kuelekea magharibi. Akimaliza fedha kwa kununua risasi, maksai wakafa njiani, anajua kosa limetoka wapi. Somo la sababu na matokeo linamkaa kwa sababu uamuzi ulikuwa wake. Kilichokosekana ni wenye ardhi ile: kwenye hesabu za mchezo, karibu kila kitu kilipimwa kwa faida ya msafiri. Mwaka 2019 ikatoka When Rivers Were Trails, ambayo waandishi wake wengi ni wazawa wa Marekani. Safari ni ya miaka ya 1890, na msafiri ni Mwanishinabe, mmoja wa watu wa asili wa huko, aliyeng'olewa kwenye ardhi yake Minnesota. Safari ni ileile ya kuelekea magharibi, ila ameondoka kwa kufukuzwa, na mchezaji anaulizwa maswali mengine kabisa.

Pana pia upotoshaji ambao sioni utetezi wake. Call of Duty: Modern Warfare ya mwaka 2019 ina "Barabara ya Kifo", na lawama za shambulio lake zinaangukia Warusi. Jina hilo linajulikana kwa barabara ya kutoka Kuwait, ambako Februari 1991 ndege za muungano ulioongozwa na Marekani zilishambulia majeshi ya Iraki yaliyokuwa yakiondoka. Kusema nchi ya kwenye gemu ni ya kubuni hakutoshi, maana jina ni la kweli na waliokufa walikuwa watu.

Battlefield 1 ya mwaka 2016 inaanza kwa kukuambia kwamba hutarajiwi kuokoka. Unapigana, unazidiwa, unaanguka. Linatokea jina, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, kisha unajikuta ndani ya mwili wa askari mwingine. Dakika zile zimenipa Vita vya Kwanza vya Dunia kuliko kurasa nyingi nilizosoma. Ukihamia kucheza na wenzako mtandaoni, kifo kinarudi kuwa kusubiri sekunde chache kabla ya kufufuka.

Mfano ninaoutamani uigwe umo katika ziara ya kielimu ya Assassin's Creed Origins, iliyotolewa mwaka 2018 bila mapigano yoyote. Kuna darasa la Misri ya kale ambamo wavulana na wasichana wanasoma pamoja. Maelezo ya hapo yanakiri kwamba kihistoria haikuwa hivyo, na yanasema kwa nini watengenezaji waliamua vingine. Mchezaji anasoma, anageuka kuwatazama tena wasichana wale, na sasa anajua nani amewaweka pale.