Mambo Msiige na swali la kuiga

Pale Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, lipo jumba la katikati ya karne ya 19 ambalo jina lake ni onyo: Mambo Msiige. Mwaka 2015 lilifunguliwa kuwa hoteli, pamoja na jengo jipya lililosimamishwa ubavuni mwake. UNESCO ilishalalamikia ukubwa na kimo cha jengo hilo.

Nyongeza ya namna hii ikizungumzwa, wengi hujibu upesi: mjenzi aige majengo ya zamani. Aweke matao, baraza na mlango wa nakshi. Wana hoja. Mji uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa jinsi mitaa yake ilivyoshikamana, na ukuta mmoja wa vioo huweza kuharibu uchochoro mzima.

Ila wanaotaka nyongeza ionekane ni ya leo husingiziwa kuwa hawaupendi mji. Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale, ambao wahifadhi wenyewe huutegemea, unataka kazi mpya itambulike kuwa ni mpya, mtazamaji asidanganyike.

Itazameni boriti. Sakafu za nyumba hizi hulalia miti ya mikoko, na mti huo hauvuki nafasi inayozidi sana mita 3. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, kuta nene zimekaribiana. Sura tunayoisifu ilizaliwa na boriti. Anayemwaga zege apate ukumbi wa mita 8, kisha akabandika matao usoni, kachukua pambo akaacha kipimo. Mwingine akijenga kuta tupu, bila ua hata moja la nakshi, lakini akashika upana ule wa chumba, unene ule wa ukuta na kimo cha jirani, huyo ndiye aliyemsikiliza fundi wa zamani.

Na lipu? Ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, jiwe likamong'onyoka. Nyongeza yenye matao mazuri kabisa inaweza kuila nyumba iliyoibeba.

Nakubali kwamba usasa usio na mipaka humpa mwenye fedha kisingizio cha kupandisha ghorofa. Kwa hiyo Mamlaka ya Mji Mkongwe ikipokea michoro, ianze na kimo, nafasi kati ya kuta, na lipu ya chokaa badala ya saruji. Matao yaulizwe mwisho. Hata pale Shangani, kilicholalamikiwa kilikuwa kimo na ukubwa, na hivyo havipunguzwi kwa nakshi.