Mbwa Akigomea Ngazi, Legeza Kamba

Doa, mbwa wangu, alikuwa amekaribia miezi sita alipoamua kwamba ngazi ni adui. Jana yake alizipanda mbio na kuzishuka mbio zaidi, masikio yakipepea. Asubuhi ile alifika juu kabisa, akasimama. Nikamwita kutoka chini. Akanyoosha mguu mmoja wa mbele, ukagusa ukingo wa kipandio, akaurudisha haraka kama aliyegusa kaa la moto. Akaketi na kuanza kulia kwa sauti nyembamba.

Nilicheka, nikambeba. Siku ya pili nikambeba tena, safari hii nikinung'unika maana nilikuwa nimechelewa. Siku ya tatu nikafanya jambo ambalo ndilo limenisukuma kuandika: nilimfunga kamba, nikamvuta.

Haikuchukua hata nusu dakika. Alikaza miguu yote minne, kucha zikakwaruza sakafu, ukanda wa shingoni ukapanda hadi nyuma ya masikio, na mkojo ukamtoka. Alishuka, ndiyo. Alishuka akiburuzika kwa tumbo, na alipofika chini hakutaka hata kutoka nje, alikwenda kujibanza chini ya meza. Tangu siku hiyo akawa anaogopa ngazi, anaogopa kamba, na anaogopa hata korido inayoelekea kwenye ngazi. Nilikuwa na tatizo moja, nikajitengenezea matatu.

Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, alisema kosa langu ni kuacha mapema. "Mwanangu, mbwa ukimdekeza atakupanda kichwani. Mshushe kwa nguvu mara tatu, ya nne atashuka mwenyewe." Shikamoo yake iko palepale, lakini kwa hili sikubaliani naye hata kidogo. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa mbwa. Baadhi ya mbwa walipigwa shoti za umeme ambazo hawakuwa na namna ya kuzizuia. Baadaye waliwekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa, na wengi wao hawakujaribu. Walilala pale, wakavumilia. Huwa nayakumbuka majaribio hayo, katili kama yalivyokuwa, kila ninapomsikia mtu akijisifu kwamba mbwa wake "alitulia" baada ya kuburuzwa. Huenda hajapata ujasiri hata chembe, amechoka tu kukataa. Na mwenye haraka hawezi kutofautisha mambo hayo mawili.

Sababu nilikuja kuijua siku ya nne, tena kwa bahati. Mdogo wangu aliniona nimekaa juu ya ngazi na mbwa wangu, wote wawili tumenuna.

"Kaka, nilisahau kukwambia. Usiku ule kabla hajaanza kugoma aliteleza hapo juu, akabiringika vipandio kama vinne hivi. Lakini aliinuka, akajikung'uta, nikajua hana neno."

Hana neno! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu hata ung'ongo haukuwa ung'ongo, ilikuwa ngazi ileile iliyomwangusha. Tena aliangushwa katika umri mbaya. Mbwa wadogo hupitia vipindi ambavyo jambo dogo la kutisha huwaingia kuliko kawaida: kimoja huwa karibu na wiki ya 8 hadi ya 11, na kingine hujitokeza wanapoanza kubalehe, popote kati ya mwezi wa 6 na wa 14. Mbwa mzima angeanguka vile, angekasirika na kusahau. Doa hakusahau.

Lakini hata baada ya kuisikia habari hiyo nilimpeleka kwanza kwa daktari wa mifugo, na hapa ndipo naona wengi wetu tunakosea. Tunaona woga, tunakimbilia mafunzo. Mbwa anayekataa ngazi ghafla anaweza kuwa anaumwa. Nyonga au kiwiko kinaweza kuwa hakikuumbika sawa. Kwa mbwa wa umbo dogo, pia ya goti huweza kuchomoka na kurudi. Wale wa umbo kubwa wanaokua upesi hupata maumivu ya mifupa yanayohamahama, leo mguu huu, kesho ule. Inaweza kuwa ni ukucha uliopasuka tu. Na mbwa anayekataa ngazi gizani lakini mchana anashuka bila shida, mwambie daktari amwangalie macho. Kitu kingine: mrekodi kwa simu akitembea nyumbani. Mbwa wengi wakifika kliniki wanajawa na msisimko au hofu, wanasahau kuchechemea, halafu unaonekana wewe ndiye mzushi.

Doa alikutwa mzima. Basi nikarudi nyumbani kutazama ngazi zenyewe, na nilizitazama nikiwa nimelala kifudifudi pale juu, kidevu kikiwa sawa na ukingo. (Mdogo wangu alipiga picha. Sitaiweka hapa.) Ukilala hivyo unaelewa. Vipandio vyote vilikuwa vya vigae vya rangi moja, vinang'aa, na kingo zake zilipotea kabisa zikawa mteremko mmoja mrefu unaokwenda kusikojulikana. Halafu fikiria mwili wa mbwa: akisimama tu, asilimia 60 hivi ya uzito wake iko kwenye miguu ya mbele. Akishuka, uzito mwingine unasogea hukohuko mbele, na kichwa kinatangulia. Ndiyo maana wengi hupanda bila tabu na kugoma kushuka. Mimi nilikuwa nimesimama chini nikipiga makofi, "Njoo, njoo!", nikidhani namtia moyo.

Nilichofanya kwanza ni kununua vipande vya zulia lisiloteleza na kuvibandika kwenye kila kipandio, rangi iliyo mbali na ya vigae. Nikabadilisha na balbu ya juu iliyokuwa hafifu. Nikampunguza kucha na yale manyoya yanayoota katikati ya vidole, ambayo kwenye kigae hufanya kazi ya soksi. Ukanda wa shingoni nikauweka kando, nikamvalisha ule wa kifuani. Kama ningefanya hayo mapema, nina hakika nusu ya shida isingetokea.

Kisha nikaanza mwishoni. Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote, na lilinichukua muda kulikubali kwa sababu akili inataka kuanzia juu, pale mbwa anapogomea. Nilimbeba hadi kipandio cha chini kabisa, kile kimoja tu kabla ya sakafu, nikamweka hapo, nikakaa sakafuni pembeni yake. Kamba ililegea mpaka ikagusa chini. Mkononi nilikuwa na kuku wa kuchemsha, vipande vidogo kama ukucha. Alitetemeka kidogo, akanusa zulia, akaniangalia, akashuka. Kipandio kimoja. Nikampa kuku, tukaondoka kwenda kucheza, na hapo tukawa tumemaliza kwa siku hiyo. Mbwa anayeanzia chini huiona sakafu mbele yake, na kila jaribio linaishia mahali salama. Anayeanzia juu huona safari nzima.

Siku tatu tulikaa kwenye kipandio hicho. Kisha viwili. Tulipofika cha tano alikwama, akaanza kupiga miayo na kulamba pua, dalili ambazo zamani ningezichukulia ni usingizi au njaa. Ni wasiwasi. Nikarudi kwenye cha tatu bila kumlaumu. Kuku naye si rushwa, kama anavyodai jirani yangu. Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1924 jinsi alivyomsaidia mtoto aitwaye Peter aliyeogopa sungura: alimsogeza sungura karibu kidogo kidogo huku mtoto akila kitu anachokipenda, mpaka siku akamshika mwenyewe. Siri iko kwenye umbali. Ukimsogeza sungura haraka, mtoto ataanza kukiogopa hata chakula.

Na ndiyo, nilimbembeleza alipotetemeka. Nimechoka kusikia kwamba ukimpapasa mbwa mwenye hofu unaipa hofu yake zawadi. Hofu si ujanja anaoufanya ili alipwe. Akija kujiegemeza kwangu, ananikuta.

Kama wako bado hajafikisha miezi mitatu, mimi nisingehangaika na ngazi kabisa. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia mbwa wa aina nne kubwa, ulikuta kwamba waliotumia ngazi tangu kuzaliwa hadi miezi mitatu walikuwa katika hatari zaidi ya kupata kasoro ya nyonga. Kwa umri huo mbebe, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine ukishika makalio. Atakuwa na maisha yake yote ya kuzizoea.

Kwetu ilichukua wiki tano. Nilitaraji moja. Katika wiki ya nne kulikuwa na siku mbili za kurudi nyuma kwa sababu mtu aliangusha ndoo karibu na ngazi, na nilikaribia kuishika ile kamba tena. Niliishika hasa, nikaitazama, nikaitundika.

Siku hizi Doa anashuka peke yake, si kwa mbio kama zamani, bali kwa mwendo wa mtu aliyebeba sinia la vikombe. Kwenye kipandio cha tano husimama, hunusa zulia, halafu huendelea. Usiku taa ikiwa imezimwa haendi kokote. Huketi pale juu, hubweka mara moja tu, na mimi hutoka kitandani kwenda kumwashia.