Cheti kipya, cheo cha zamani

Hivi inakuwaje mtu unasoma, unafaulu, halafu kazini unabaki yule yule? Niliajiriwa kuwa muuguzi kwa astashahada, ngazi ya 5. Miaka mitatu niliandika barua kuomba ruhusa ya kusoma stashahada, na jibu lilikuwa moja: "Wodi haina watu, subiri." Nilipopata hiyo ruhusa, ada nililipa kwa mkopo wa kikoba, na chuo kikifunga narudi kushika zamu.

Sasa ngazi ya 6 ninayo. Baraza la Uuguzi na Ukunga limeshanisajili, leseni ninayo. Lakini hati ya mshahara bado inasoma cheo cha zamani! Nikienda utumishi naambiwa nafasi haipo kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, nivumilie. Mbona saa tisa usiku mzazi akianza kutokwa damu nyingi ni mimi ninayekimbiliwa, niweke dripu, nimkande tumbo, niwaelekeze wenzangu? Hapo ikama haitajwi. Ujuzi wangu wanautumia tangu siku niliyoripoti.

Juzi binti mmoja wa astashahada kaniuliza, "Dada, na mimi niende kusoma?" Nilishindwa kumjibu.